Vitunguu vya Sista

Kuanzia barabara ya lami ya Benaco mpaka chini bondeni kwenye chemchemi, hakuna mtu aliyekuwa hajui kwamba Febronia ana vitunguu visivyoliwa. Viliitwa vitunguu vya Sista. Mtu pekee aliyewahi kuvijaribu ni Bizimana, mume wa jirani yake Dafroza, aliyechimba kimoja akakikaanga na maharage kwa ubishi tu, ili aone. Alitapika kutwa nzima. Jumapili iliyofuata alikutwa kanisani, mtu ambaye kanisa alizoea kulisalimia akiwa barabarani.

Basi havikuwa vitunguu, yalikuwa maua. Sista Annunziata aliyaleta mwaka tisini na nne, mwaka ule watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda na vilima vya Benaco vikafunikwa kwa turubai. Sista alikuja kuuguza wagonjwa, na ndani ya begi lake, katikati ya soksi, alikuwa na vichwa kumi na viwili vya maua hayo, mfano wa vitunguu, alivyochimba mwenyewe kwenye kilima cha baba yake, kisiwani kwao Italia, juu ya bahari. Wakati huo Febronia alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, anafua mashuka ya zahanati ya kambini. Ndiye aliyemtafutia Sista madebe matupu ya mafuta ya msaada, akayatoboa chini kwa msumari, akayajaza changarawe na mchanga wa mtoni. Kambi ikaja ikafungwa, wakimbizi wakarudi kwao. Sista akabaki misheni akitibu watu na kulea maua yake, na Febronia akabaki naye.

Ua lenyewe si kubwa. Ukitegemea kitu cha kujaza meza ya harusi utasikitika. Ni jeupe, na katikati lina kikombe cha rangi ya chungwa ambacho hata ncha ya kidole cha mwisho haiingii. Lakini harufu yake, we acha tu. Likichanua moja uani, mpita njia anasimama na kuuliza nani leo amejipaka marashi.

Na lina masharti yake. Kwao Sista kuna miezi ya ukame mkali, na maua hayo hujifia juu yakalala chini ya ardhi mpaka mvua irudi. Ngara hapa kwetu nayo ina kiangazi chake, kwa hiyo walielewana. Sharti ni moja tu: mwezi wa sita majani yakigeuka manjano na kulala, mtu asiyamwagilie hata tone. Debe liwekwe chini ya upenu, lipigwe na joto, na mwenye debe asahau kwamba analo. Sista alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba maua yamelala, na mtu akilala humpi chai.

Miaka ya mwisho ya Sista ilikuja barua kutoka kwa mtoto wa ndugu yake. Kile kilima kilikuwa kimekatwa chote kujengwa hoteli, na hakuna aliyechimba hata kichwa kimoja kabla mashine hazijapita. Sista alisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akaenda kukaa karibu na madebe. Kwa jinsi alivyojua yeye, maua ya aina ile yalikuwa yamebaki pale mbele yake tu. Alipokuwa mahututi alimwachia Febronia yote, akamwomba jambo moja: kila Siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, amletee ua moja kaburini. Alisema hataki shada la plastiki. Febronia aliapa, na kwa miaka minane hakukosa hata mara moja.

Hapo mtu anaweza kumsifu Febronia, na anastahili, lakini tusimsifu kupita kiasi. Alikuwa mchoyo wa yale maua kama wengine walivyo wachoyo wa shamba la urithi. Paroko aliomba vichwa viwili avipande mbele ya kanisa, akanyimwa kwa heshima nyingi. Wanawake wa jumuiya waliomba kufundishwa, wakaambiwa mikono yao itayaua. Hata Danstan, mwanawe wa kumzaa, fundi ujenzi mwenye akili zake timamu, hakuwahi kuambiwa kwa nini mama yake hayamwagilii kiangazi. Ukweli ni kwamba Febronia alipenda kuwa peke yake mwenye maua hayo. Alipenda watu waseme, ukitaka kuyaona yale maua, nenda kwa Febronia.

Mwaka huu baada ya Pasaka, Danstan alioa. Mke alimtoa Runazi, kule Biharamulo, binti aitwaye Suzan, mrefu, mpole, mwepesi wa kazi. Bibi harusi katika nyumba ya mama mkwe, hapa kwetu, ana miezi yake ya kupimwa. Anaamka wa kwanza, anafagia kabla kuku hawajashuka, hakai watu wakiwa wamesimama. Na haulizi ulizi. Mkwe mgeni anayeuliza kila kitu anaonekana hakufundwa kwao, kwa hiyo Suzan alitazama, akakisia, akafanya. Febronia aliyaona hayo na yakampendeza.

Mwishoni mwa mwezi wa sita simu ikapigwa kutoka Nyarubungo. Deodata, binti mkubwa wa Febronia, alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na nyumba yake haikuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto. Febronia akafunga mzigo siku hiyo hiyo. Bodaboda ilikuwa inanguruma mlangoni, kuku amefungwa kwenye kikapu, yeye anajifunga kitenge huku anatoa maagizo. Alimwambia Suzan anamwachia nyumba yote, atunze kila kitu kama mboni ya jicho, na maua yale ya chini ya upenu zaidi ya vyote. Kisha akapanda pikipiki akaenda. Kuhusu maji hakusema neno.

Alikaa Nyarubungo wiki kumi na moja, kwa sababu kidonda cha Deodata kilichelewa kupona. Kila Jumapili alipiga simu nyumbani. Aliuliza habari za mbuzi, za mihogo, halafu za maua. Suzan alijibu kwamba yapo, anayatunza. Febronia alikata simu akiwa ameridhika, akarudi kumkanda binti yake.

Alirejea katikati ya mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha mara mbili. Aliteremka barabarani na kutembea polepole, na kabla hajafika kwake akakutana na Dafroza anatoka shambani. Walisalimiana, wakaulizana habari za mtoto mchanga, ndipo Dafroza akaanza kumsifu mkwe. Alisema mwaka huu Febronia amepata mtu. Mwezi wa nane chemchemi ilikuwa karibu kukauka, watu wanapanga ndoo kuanzia alfajiri, wanapandisha mlima na ndoo mbili kwa siku wanashukuru Mungu. Suzan alikuwa akipandisha tatu. Ya tatu ilikuwa ya maua ya mama mkwe wake.

Febronia hakuaga. Alimwacha Dafroza amesimama na jembe lake njiani, akakata katikati ya migomba mpaka nyuma ya nyumba.

Madebe saba yalikuwa chini ya upenu, yamepangwa mstari ulionyooka. Kila debe lilikuwa limetandazwa majani makavu ya mgomba, na chini ya majani kulikuwa na samadi iliyopondwa vizuri, jinsi mtu anavyouhudumia mgomba anaoupenda. Aliondoa majani, akaingiza mkono. Udongo ulikuwa laini, umeloa kama uji. Alikuta kichwa cha kwanza, akakishika, kikamminyikia katikati ya vidole na kutoa harufu ya kitu kilichooza siku nyingi. Cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Alichimbua madebe yote saba mpaka chini kwenye changarawe, na hakupata kichwa hata kimoja kigumu.

Suzan alikuwa ametoka jikoni mbio kumpokea. Alikuwa amepiga magoti, salamu ya shikamoo ikiwa mdomoni, akaona mikono ya mama mkwe wake na madebe yaliyopinduliwa. Febronia alimtazama.

"Umemzika Sista mara ya pili," alisema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Danstan aliporudi kutoka kazini alijaribu kumtetea mkewe, akasema mama, angejuaje, naye akaambiwa akanawe mikono ale. Siku ile, na siku mbili zilizofuata, nyumba ile ilikaa kimya kama nyumba yenye msiba. Suzan aliendelea kuamka wa kwanza, kufagia, kupika, kupiga magoti asubuhi na kusema shikamoo mama. Febronia aliitikia marahaba, akaishia hapo.

Na moyoni alikuwa na hasira ya kweli, tusidanganyane. Alifikiria mwezi wa kumi na moja, watu wote makaburini na mishumaa yao, na yeye amesimama mbele ya Sista mikono mitupu baada ya miaka minane. Alifikiria kile kilima kilichokatwa. Katika dunia nzima maua yale yalikuwa yameachwa mikononi mwake, na sasa hayapo. Siku ya tatu Danstan alimwambia kwamba Suzan anakunja nguo zake, anataka kurudi kwa baba yake Runazi, anasema hawezi kukaa katika nyumba aliyoiletea mkosi. Upande mmoja wa moyo wa Febronia ulisema aende.

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni anachochea moto wa uji, Suzan akaingia. Alikuwa amevaa nguo ya safari. Alipanda juu ya kinu, akanyoosha mkono kwenye kichanja kilichokuwa juu ya meko, pale yanapokaa mahindi ya mbegu, akapekua nyuma ya magunzi na kutoa kifurushi kidogo cha gome kavu la mgomba, kimefungwa kwa kamba, kimepakwa masizi mpaka kinang'aa. Alishuka, akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama, kuna kosa jingine," alisema. "Sitaki niondoke nimelificha."

Akaeleza, macho yakiwa chini. Mwezi wa saba majani yalipolala yote, aliona maua yanakufa, na ni siku chache tu tangu aachiwe. Kwao Runazi mmea ukianza kufa shambani, jambo la kwanza ni kuokoa mbegu, mengine baadaye. Bibi yake alimfundisha hivyo: chagua vilivyo vikubwa kuliko vyote, vifunge, vitundike juu ya moto vipate moshi. Kwa hiyo kabla hajaanza kumwagilia alichimba vichwa vitano, vile vikubwa kabisa, akavificha. Alijua ni vibaya. Mbegu ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na mkwe haigusi mpaka siku atakayopewa ya kwake kwa mkono. Ndiyo maana hakusema kwenye simu, wala hakusema siku ile ya madebe. Aliogopa kuonekana mharibifu na mwizi kwa wakati mmoja.

Febronia alipokea kifurushi. Kamba ikamshinda, Suzan akamfungulia. Ndani mlikuwa na vichwa vitano vyeusi kwa moshi. Alikishika cha kwanza akakibonyeza. Kilikuwa kigumu kama jiwe la mtoni. Alibonyeza vyote, kimoja kimoja, na kwenye ncha ya kile kikubwa aliona kijino cheupe kimeanza kuchungulia.

Alikaa chini pale pale kwenye majivu akalia, na wala hakujificha.

Uji ulifurika ukazima moto, hakuna aliyesimama kuutoa. Alikuwa anaona mambo yote kwa pamoja. Juu ya meko kulikuwa pakavu na pa joto miezi yote ya kiangazi, kama alivyotaka Sista. Binti huyu hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana ndani ya nyumba hii yeye Febronia ndiye aliyependa asiulizwe. Neno moja tu lingetosha, siku ile pikipiki inanguruma mlangoni, na lisingeichelewesha safari yake hata kwa dakika moja. Alilibana mdomoni kama alivyombania paroko, na jumuiya, na Danstan.

Lakini kumwomba radhi mkwe mwenye miezi mitano ndani ya nyumba si jambo jepesi kwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasema kitu kimoja tu.

"Rudisha nguo kabatini."

Walipanda siku hiyo. Febronia aliosha madebe kwa maji ya moto, akachekecha mchanga mpya, na safari hii hakumfukuza mtu. Suzan alisimama kando akitazama mikono yake. Hakuuliza kitu. Kati ya vichwa vitano, kimoja hakikuamka. Vinne vilitoa majani membamba, na wiki ya tatu kile kikubwa kikatoa kikonyo chenye chipukizi la ua. Wiki moja baadaye, Jumanne asubuhi, Suzan alikuwa anafagia uani akasimama ghafla na ufagio. Harufu ilikuwa imejaa mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Ilikuwa tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi. Febronia alisimama mbele ya ua akaanza kuhesabu kwa vidole, na alivyohesabu uso ukamkunjamana. Ua lile hukaa siku nane, tisa likibahatika. Siku ya Marehemu ilikuwa bado wiki mbili na siku kadhaa. Akakumbuka Sista aliwahi kumwambia, tena akicheka, kwamba kuna visiwa huko Ulaya ambako wakulima huwasha majani mabichi pembeni ya maua ya namna hii, ili moshi uyaamshe mapema. Kumbe haikuwa hadithi. Moshi wa jikoni uliyaokoa, na moshi huo huo ukayaharakisha. Vile vitatu vingine vilikuwa na majani matupu, na mwaka huu visingechanua.

Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alifikiria kulihamishia debe gizani, kwenye ubaridi. Mwishowe aliona ni upuuzi. Alivua nguo ya shamba, akavaa gauni la kanisani, akatoka na wembe mkononi. Akampa Suzan.

Suzan aliutazama wembe ule kama hajui ni kitu gani. Febronia akamwonyesha pa kukatia, chini kabisa, na kwa mshazari. Kisha wakaondoka wawili, ua likiwa mkononi mwa Suzan, limezungushiwa jani la mgomba. Njiani watu waliokuwa wanakwenda shambani waliwauliza kuna nini leo misheni. Febronia alijibu kwamba hakuna kitu, wanakwenda kumsalimia Sista.

Makaburini hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa hazijafyekwa, maana watu husubiri siku ya siku ifike. Waling'oa magugu pembeni ya kaburi la Sista, wakafuta msalaba, Suzan akaliweka ua. Febronia alijivuta akasimama wima kama mtu anayetoa ushahidi.

"Sista, limewahi, utanisamehe tarehe," alisema. "Na mwaka huu si mimi niliyelitunza. Mimi nusura niyamalize kwa kufunga mdomo. Aliyeyaokoa ni huyu, mkwe wangu, anaitwa Suzan, ni wa Runazi."

Kisha akamgeukia Suzan. Kuomba radhi kulikuwa kugumu vile vile kama siku ile jikoni, ila sasa palikuwa na shahidi.

"Nisamehe, mwanangu. Lile neno nililokuambia halikuwa lako, lilikuwa langu. Na vile vichwa vinne, viwili ni vyako. Nakupa kwa mkono wangu. Viweke upande wako wa nyumba."

Suzan alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akapokea mikono mitupu ya mama mkwe wake kwa mikono yake miwili, kama vile mbegu zenyewe zilikuwa pale. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akauliza swali.

"Mama, na mwakani majani yakilala tena, nifanye nini?"

Febronia alimwinua, akampangusa majani magotini. Wakaanza kurudi nyumbani, na kutoka geti la misheni mpaka njia panda alimweleza yote: mchanga wa mtoni, matundu ya msumari, upenu, jua, na maji ambayo hayatakiwi kabisa, na kisiwa, na kile kilima. Alisema mpaka koo likakauka. Walipofika njia panda akasimama.

"Na mwezi wa sita ukifika, uniulize," alisema. "Hata kama uliniuliza jana yake, uniulize tena."